Kati ya Chiro na Chira

Mwaka ule wa 1951 mvua ya masika iliingia uwanda wa Kano alfajiri, bila upepo wala radi, kama mgeni anayejua njia. Kulipopambazuka vizuri, kila boma kuanzia Nyamasaria kwenda mbele lilikuwa na wanawake shambani, migongo imeinama, udongo mweusi umewashika miguu hadi kwenye vifundo. Boma moja tu lilikuwa kimya. Hilo lilikuwa la Min Ouma, yaani mama yake Ouma, mjane ambaye jina lake la ujana lilikuwa limesahaulika hata na yeye mwenyewe.

Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, kana kwamba mvua hiyo ilikuwa imenyesha nchi nyingine. Wake wa wanawe wawili walikuja na majembe yao wakasimama mbele yake. Mkubwa alikuwa Milka, mke wa Ouma, kifungua mimba. Wa pili alikuwa Selpha, mke wa Absalom, aliyekuwa mchochea moto kwenye garimoshi huko Nakuru na ambaye nyumbani alionekana kwa nadra.

"Mama, mvua imekuja," alisema Milka.

"Nimeisikia. Nimezeeka magoti, si masikio."

"Basi tunakungoja."

"Ngojeni." Akaendelea kuchambua. "Mtangoja mpaka Nyar Asembo aache chiro. Siku atakayosimama hapa akaniambia mbele yenu kwamba ameacha, siku hiyo nitashusha kibuyu cha mbegu."

Nyar Asembo, binti wa Asembo, ndiye Selpha. Wajaluo humwita mke kwa nchi aliyotoka, hata akizeekea kwa mume. Na chiro ni soko. Milka alimtazama mwenzake, kisha akatazama chini. Walijua wote watatu maana ya kukataa huko. Katika boma la Wajaluo mbegu haiingii ardhini mpaka mama wa boma aipande kwanza kwa mkono wake. Akishapanda yeye, hupanda mke wa kifungua mimba, kisha mke wa anayefuata, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Anayeruka zamu huiletea nyumba chira.

Chira haina dawa hospitalini. Ni kukonda kusikokoma, mimba zisizoshika, watoto wanaokaa mwaka mzima bila kuongezeka hata kidogo. Haina haraka. Inaweza kukaa nje ya ua ikamngoja mtu mpaka asahau alichokosea.

"Chiro na chira," alisema Min Ouma, akitupa shina la mboga kwa kuku. "Hebu yatamkeni. Mnasikia yanavyofanana? Waliotuachia maneno hawakuwa wajinga."

Selpha alirudisha jembe nyumbani kwake, akajitwika mfuko wa ndengu, akaenda barabarani kupata lori la mjini. Ilikuwa siku ya soko.

Hakuanza biashara kwa kupenda pesa. Aliolewa katika boma hilo mwaka wa 1942, na mwaka uliofuata jua lilikausha kila kitu mpaka ng'ombe wakawa wanalamba kuta za nyumba. Baba mkwe wake, alipokuwa angali hai, aliwatuma wanawake kwenda kisuma, yaani kutafuta chakula kwa watu wengine kwa kubadilishana vitu. Selpha, bibi arusi ambaye bado alikuwa akiona haya kula mbele ya wakwe, alipanda milima ya Nandi na vyungu mgongoni akarudi na mtama. Huko aliona jambo ambalo halikumtoka tena: kwamba shamba linaweza kufa na watu wasife, mradi kuna mahali pa kukutania. Baadaye alisikia wazee wakisema kwamba jina lenyewe la Kisumu limetokana na neno hilo la kisuma. Hakuona sababu ya kutoamini. Mji mzima, na reli yake, na meli zake, ulikuwa umekaa juu ya njaa ya watu waliokuja kubadilishana vikapu.

Kwa hiyo akawa mchuuzi. Alinunua ndengu, njugu na mahindi huko Awasi, akapakia lori, akauza Kisumu. Min Ouma alinung'unika lakini alikula. Ndipo ikaja habari ya mahindi mabichi.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka uliopita. Awasi walivuna mapema. Selpha aliona mahindi mabichi, yenye nywele bado mbichi, tamaa ikamshika. Akanunua machache akayachoma jikoni kwake. Mahindi ya bomani yalikuwa hayajatoa hata suke. Milka alipita akavutwa na harufu, na Selpha akampa moja kwa mkono wake. Milka alikuwa na mimba changa. Walikula wakicheka, punje zikiwaunguza midomo. Haikupita muda mrefu mimba ikatoka.

Mavuno mapya, kama vile mbegu, yana zamu yake: mama wa boma huonja kwanza. Hilo hata mtoto analijua. Lakini chakula kilichonunuliwa? Mahindi yaliyoota katika shamba la mtu mwingine, yakabadilishwa kwa senti mbele ya watu wasiojuana? Selpha alikuwa amedhani cha kununua hakina zamu. Min Ouma hakudhani hivyo. Na tangu Januari, Milka alikuwa hamsaidii tena Selpha kujitwika mzigo. Alipita mbali na mlango wake kama mtu anayekwepa dimbwi.

Katika barabara ya Wahindi, ile waliyoiita bazaar, kulikuwa na duka la Natwarlal, na nyuma ya duka kulikuwa na uwanja wa sakafu ambapo mke wake Vasanti alinunua nafaka. Watu wa nyumba hiyo hawakula nyama wala samaki, na kwa ndengu hawakuwa na mchezo. Vasanti alimimina ndengu kwenye sinia akaanza kutafuta mawe. Kwenye kona, mama yake Natwarlal alikuwa ameketi juu ya bembea ya mbao, akijisukuma polepole kwa kidole cha mguu.

"Wewe leo nachelewa," alisema Vasanti. "Mimi nafikiri lori naanguka Nyamasaria."

"Lori iko sawa, Mama. Ni mimi ndio niko mbaya."

"Mgonjwa?"

"Mama mkwe."

"Aa." Vasanti akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuona ugonjwa huo mara nyingi. "Sema."

Selpha alimweleza kadiri Kiswahili chake kilivyomruhusu: mbegu, kibuyu, chiro, chira. Vasanti aliposikia maneno hayo mawili alicheka hadi ndengu zikamwagika.

"Hata hii yangu!" alisema, akielekeza kidevu kwenye bembea. "Yeye nasema, mwanamke kukaa dukani, naleta dukh. Dukh hiyo ni huzuni, ni shida. Na duka sisi nasema dukan. Basi asubuhi, mchana: dukan, dukh, dukan, dukh. Kama kasuku!"

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema, Ba, mama yangu, hiyo dukan si ya sisi. Hiyo natoka Uarabuni na Uajemi, nakuja kwa meli kama tende. Natwarlal nasoma kitabu, yeye naniambia. Na dukh ni ya zamani, ya vitabu ya Mungu. Moja nazaliwa nyumbani, moja nashuka bandarini. Undugu wapi?"

"Na yeye anajibu nini?"

"Nasema kitabu naharibu mtoto yake."

Wakacheka wote wawili. Bembea ikasimama. Mama mkwe wake aliuliza jambo kwa Kigujarati, kwa sauti kali, na Vasanti akamjibu kwa upole mwingi uliozidi kiasi.

"Nauliza sisi nacheka nini," alimwambia Selpha. "Mimi nasema bei ya ndengu."

"Basi ni kama watu wawili wanafanana sura na mama yao si moja," alisema Selpha.

"Ndiyo! Kama wewe na ile mama ya mayai."

"Ile mama ya mayai? Ile mnene? Wee Vasanti, toa hayo maneno!"

Alitoka dukani na moyo mwepesi. Lakini njia ya kurudi Kano ni tambarare na ndefu, na mtu anayetembea peke yake juu ya ardhi tambarare hana kilima cha kujifichia mawazo yake. Kabla ya Nyamasaria kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kwa nini chiro na chira yafanane? Asili ya maneno hayo hakuna aliyeijua. Alipokuwa msichana Asembo alimsikia mzee mmoja akisema yote mawili yaliteremka na mababu kutoka kaskazini, yakiwa vilevile yalivyo leo. Mwingine akambishia kwamba Wajaluo wa kale hawakuwa na soko, basi neno la soko lazima lilikuja baadaye, pengine kwa majirani. Walibishana mpaka pombe ikaisha, wakaachana bila jibu. Na hata wangalipata jibu, lingemfaa nini? Ya Vasanti yalikuwa maneno mawili yaliyopita njia tofauti na kukutana mdomoni tu. Haya yake yalikuwa yamekutana jikoni kwake, juu ya makaa.

Akaanza kuyachambua kama Vasanti alivyochambua ndengu. Chiro ni mahali ambapo hakuna mkubwa. Pale sokoni mke wa tatu huuza kabla ya mke wa kwanza akiwahi kufika. Mtoto humuuzia babu. Mjaluo, Mnandi na Mhindi husimama mbele ya kikapu kimoja na hakuna anayeuliza nani alizaliwa kwanza. Chira ni mlinzi wa nyumbani, na kazi yake ni hiyohiyo moja: kuangalia nani ametangulia. Moja halijui zamu. Lingine halijui kingine ila zamu. Hayakuwa ndugu, lakini hayakuwa wageni pia. Yalikuwa kama majirani wanaogawana ua, na yeye, siku ile ya mahindi, ndiye aliyeupita ua bila kubisha hodi.

Mawazo hayo yalimchoma, kwa sababu yalimpa Min Ouma haki upande mmoja. Upande wa pili hayakumpa. Selpha alikaza mwendo.

Mvua iliendelea. Mashamba ya majirani yaliota, yakawa kijani, wanawake wakaanza palizi ya kwanza. Shamba la Min Ouma likaota magugu. Wapita njia waliacha kusalimu kwa sauti kubwa, wakasalimu kama watu wanaopita penye msiba. Kila siku ya soko Selpha alirudi na unga na kugawa vibaba vitatu, cha kwanza mlangoni kwa mama mkwe. Cha Min Ouma kilibaki palepale, kuku wakakila. Mwanamke huyo alikuwa akila masalio ya mtama wake wa zamani, na akiuchekecha kwa kelele ili wote wasikie.

Ouma alikuja jioni moja akasimama nje ya jiko la Selpha. Alikuwa seremala, mtu mpole, asiyependa ugomvi upite mwezi.

"Shemeji, dunia yote imelima."

"Naona."

"Basi sema neno moja tu. Mwambie Mama umeacha soko. Akipanda, na wewe ukapanda, mbegu ikaota, rudi sokoni kwako. Ataing'oa?"

"Nikisema nimeacha, nitakuwa nimeacha."

"Aa, Nyar Asembo. Basi panda. Una gunia zima la njugu humo ndani. Panda upande ule wa mtoni ambako Mama hafiki. Njaa ikija, nani atauliza?"

"Milka atauliza," alisema Selpha. "Na mimi nitajiuliza."

Ouma aliposikia jina la mke wake alishusha sauti. "Sasa unataka nini hasa?"

"Nataka soko langu. Na nataka Mama apande kabla yangu. Yote mawili."

"Huwezi kuyapata yote mawili."

"Hilo sijaliona bado."

Alimwacha aende. Alikaa karibu na moto akitazama gunia la njugu kwenye kona. Lilikuwa zito, kavu, limejaa uhai uliolala. Angeweza kulimwaga ardhini na kabla ya mwezi kwisha kungekuwa na majani. Alijua pia kwamba angeweza kulibeba gunia lilelile mpaka mjini, akapanga chumba, akamwandikia Absalom amfuate huko, na asione tena mlango wa Min Ouma. Wanawake wengine walikuwa wamefanya hivyo. Alilitazama wazo hilo kwa muda, akaliacha. Hakuwa ameolewa na Nakuru wala na Kisumu. Alikuwa mke wa boma lile, na hakuwa tayari kufukuzwa humo kwa kupitia njia ileile ya soko ambayo miguu yake iliijua vizuri kuliko ya mtu yeyote.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Min Ouma. Milka alikuwa pale akimsaidia kuosha vyombo. Selpha aliketi chini kwenye kizingiti, miguu akiikunja upande mmoja kama ipasavyo.

"Mama, nimekuja kuomba manyasi."

Milka aliacha kusugua. Manyasi ni dawa ya mizizi na majani inayonywewa kuondoa chira. Hakuna anayeiomba bila kukubali kwamba kuna zamu iliyorukwa.

"Wewe mtu wa kanisa?" alisema Min Ouma. "Na mchungaji wako akisikia?"

"Atanitoa kwenye Meza ya Bwana, na nitakaa nyuma mpaka atakaponirudisha. Hilo nimekwisha kulifikiria."

"Manyasi ya nini?"

"Ya mahindi. Niliyaingiza bomani na kuyala kabla hujaonja, na nikampa Milka. Nilidhani cha kununua hakina zamu. Sokoni hakina. Jikoni kwangu kinayo, kwa sababu jiko langu liko ndani ya ua wako. Hilo nitalinywea."

"Na chiro?"

"Kwa chiro sinywi."

"Unasemaje?"

"Sinywi, Mama. Sokoni sikumruka mtu. Nilienda kule kwa mara ya kwanza kwa amri ya baba mwenye boma hili, na watu walikula. Ukinichanganyia bakuli moja kwa yote mawili, nitalimwaga hapa hapa mlangoni, na tutaendelea kungoja."

Kuku alipita kati yao, akadonoa, akaondoka. Min Ouma alimtazama mwanamke huyo aliyekaa chini kwa adabu zote na kuzungumza kama aliyesimama.

"Unafikiri mimi naogopa mahindi?" alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekauka. "Mwanamke mwenye soko, mbegu ya mama mkwe anaitakia nini? Leo unaningoja. Kesho utanunua gunia lako. Keshokutwa utajenga mjini, na Milka akufuate, na mimi nibaki hapa kulinda kaburi la mzee."

"Gunia ninalo. La njugu. Liko kwangu tangu kabla ya mvua ya kwanza. Nenda ukaangalie shamba langu kama kuna hata shimo moja."

Milka alisimama na chungu mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

"Nimeangalia," alisema Min Ouma. "Kila asubuhi, nyinyi mkiwa mmelala. Hata kule mtoni."

Aliinuka kwa kushika mwimo wa mlango, akachukua kisu, akaenda porini nyuma ya zizi. Alirudi na mizizi. Aliichemsha mwenyewe, hakutaka msaada. Selpha alikunywa, na uchungu wake ulimfanya afumbe macho; Milka akapokea bakuli baada yake, akanywa, kisha akaanza kulia bila sauti, akilia kile ambacho tangu Januari hakuna aliyempa nafasi ya kukililia. Kama mimba ile ilikwenda kwa sababu ya hindi moja au kwa sababu zisizo na jina, Selpha hakujua, wala hakupata kujua. Alimshika mkono. Milka hakuuondoa.

"Sijasema chiro ni kitu kizuri," alisema Min Ouma.

"Sijakuomba useme."

"Kitu kipya chochote kikitoka huko, kinapita kwangu kwanza. Hata kama ni kitunguu."

"Kitapita."

"Basi leteni majembe. Mmekaa kama wageni."

Walipanda mtama, kwa kuwa mahindi yasingewahi tena. Min Ouma alitangulia, akichimba na kufukia polepole, akisimama kupumua, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza mstari wake aliita, "Milka!" Milka akapanda. Kisha, bila kugeuka, "Haya, wewe." Selpha akashusha mbegu zake za kwanza. Kila mtu alijua mavuno yangekuwa haba. Walikuwa wamechelewa, na magugu yalikuwa yamekula nguvu ya udongo. Mwaka huo soko ndilo lingebeba boma, na yeye ndiye angebeba soko.

Siku hiyohiyo ilikuwa siku ya chiro. Jua lilikuwa limepanda sana alipofika mjini na gunia la njugu kichwani, sketi yake imejaa matope hadi magotini, ulimi bado mchungu. Mahali pake, pale karibu na wauza chumvi, alikuta mwanamke mgeni, mtu wa Seme, ametandika mikeka yake mipya na kuketi kwa raha.

"Mahali hapa pana mtu," alisema Selpha.

"Mtu gani? Tangu asubuhi sijaona mtu. Sokoni ni anayewahi, mama."

"Ni kweli. Ni anayewahi." Selpha alishusha gunia, likatua kwa kishindo hadi mikeka ikaruka. "Ila mimi nilianzia shambani leo. Sogea kidogo, dada, tutatoshana."

Mwanamke wa Seme aliyatazama matope yale, akamtazama usoni, akavuta mkeka mmoja kando. Selpha akafungua gunia, akachota njugu kwa kikombe, akaanza kuita wateja.